Vyombo vya Nyumbani Visivyotumika: Namna ya Kuvitengeneza, Kuvigawa na Kuvipa Kazi Nyengine

Karibu kila chombo cha dukani kilichomo ndani ya nyumba zetu Unguja na Pemba kimevuka bahari kuja, na kikishachoka hakivuki tena kurudi. Kochi lililokuja kwenye kontena kutoka Dubai, friji la Uingereza, godoro la sponji lililopakiwa Dar es Salaam, mwisho wake ni uwanja wa nyuma, mtaro wa maji ya mvua au jaa la Kibele. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na ardhi ya kutupia taka ni ile ile. Na nyumba ya tatu kutoka hapo ulipo huenda yupo mtoto anayelala juu ya mkeka kwa kukosa godoro.

Mwongozo huu unahusu kazi iliyopo kati ya stoo yako na nyumba hiyo ya tatu. Sharti lake ni moja: kitu kisitoke kwako mpaka kiwe tayari kutumika siku kinapofika. Kochi lenye kunguni, feni linalopiga shoti, sufuria inayovuja, ukimpa mtu umemtwika taka zako, na nauli ya kuzitupa sasa ni yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kufua, kuanika, kushona na kujaribu. Kugawa kwenyewe ni kazi ya siku moja.

Chagua majira

Kazi hii haifanywi masika. Kuanzia Machi hadi Mei hewa imejaa maji, na nguo iliyofungwa kwenye mfuko ikiwa na unyevu kidogo tu huota ukungu ndani ya siku chache. Miezi mizuri ni ya kaskazi, Disemba hadi Februari, na ya kusi, Juni hadi Septemba, jua likiwepo na upepo unaokausha.

Angalia na kalenda ya mahitaji. Sare za skuli zifike kwa wenyewe Disemba, kabla mwaka wa masomo haujaanza Januari. Sare iliyotolewa Machi inakuta mzazi ameshakopa kununua. Rajabu, Shaabani na Ramadhani sadaka humiminika, hasa nguo na chakula. Ukiwa na godoro, sufuria kubwa au kitanda, fikiria kuanzia Mfungo Nne. Wakati huo mikono ya watoaji imepungua na uhitaji uko pale pale.

Kuchambua

Chukua chumba kimoja kwa siku, usivunje nyumba nzima kwa mpigo. Anzia stoo na uvunguni, ndiko vilikojificha vingi. Tandika jamvi uwanjani na ugawe mafungu manne: kizima kinachoweza kutumika leo, kinachohitaji mkono wa fundi au sindano, kilichokufa lakini kina vipande vya kutumia, na kisichofaa kwa lolote.

Kipimo cha kujua kama kitu si chako tena kwa matumizi: hakijaguswa tangu Ramadhani iliyopita mpaka hii. Vitu vya kumbukumbu, kama kasha la bibi au kanzu ya harusi, viache. Havimo katika hesabu hii.

Kwa fungu la pili, uliza bei ya fundi kabla ya kuamua. Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kitu kama hicho kilichotumika, kihamishie fungu la tatu. Watu wengi hukwama hapa kwa huruma na kitu, kikarudi stoo kukaa miaka mitatu mingine na kuoza kabisa. Kipe kila kitu cha fundi siku 14. Zikipita hakijapelekwa, kivunje.

Na simama kabisa ikiwa vitu ni vya marehemu. Nguo, saa, kitanda na hata sufuria zake ni mirathi tangu alipofariki. Yanatangulia gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi. Kawaida yetu ya kugawa nguo za maiti katika siku za msiba ina nia njema, lakini mali hiyo ina wenyewe. Warithi wote watu wazima wakiridhia, toeni. Akiwepo yatima ambaye hajabaleghe, fungu lake halina mtu wa kulisamehe kwa niaba yake. Lithaminishwe kwanza, kisha mgawe yenu. Panapo mvutano, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo inayoshughulikia mambo ya mirathi.

Magodoro

Godoro ndicho chombo kinachohitajika zaidi na ndicho kinachotolewa vibaya zaidi, basi tutakaa hapa kidogo.

Anza na kunguni. Chukua tochi, pita kwenye mishono yote, pembe nne, chini ya lebo, na upande wa chini ambao haugeuzwi. Unatafuta nukta nyeusi kama za wino, maganda membamba ya rangi ya asali, na mayai meupe madogo ya kama milimita moja. Ukikuta dalili hizi, godoro halitoki kwenda kwa mtu. Kuliweka stoo miezi miwili hakusaidii, kwa kuwa kunguni huweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Jua peke yake nalo halitoshi. Joto la kuwaua ni la nyuzi 50 na zaidi, nalo halifiki katikati ya godoro nene. Walio juu wanakimbilia ndani na usiku wanarudi.

Godoro la sponji lijaribu kwa ngumi. Bonyeza katikati, hesabu mpaka tatu, ondoa mkono. Likirudi mara moja, ni zima. Likibaki na shimo, sponji imekufa, na mwenye kulilalia ataamka na mgongo. Doa la mkojo wa mtoto halilikatai godoro: changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na viwili vya maji, nyunyiza bila kurowesha, kandamiza kwa kitambaa kikavu, kisha anika kwa kulisimamisha upande, si kwa kulilaza, ili upepo upite pande zote. Siku mbili za jua kali. Harufu ikirudi usiku, ndani bado kuna maji.

Sponji iliyokufa katikati bado ina kingo nzuri. Godoro la futi 4 kwa 6 ni inchi 48 kwa 72. Ukikata mito ya kukalia ya inchi 18 kwa 18 unapata mistari miwili ya mito minne, yaani 8, na unabakiwa na ukanda wa inchi 12 kwa urefu wote wa 72, unaotosha kutandikwa juu ya benchi la barazani. Ikiwa katikati imelala, tarajia mito 4 au 5 tu. Piga mstari kwa kalamu na ubao ulionyooka, kata kwa kisu kirefu cha meno cha kukatia mkate, kwa kuvuta taratibu bila kukandamiza. Ukikandamiza, ukingo unakuja umepinda kwa ndani. Vipande vidogo vinajazia mito ya watoto. Usichome sponji, hata kipande, kwani moshi wake ni sumu.

Godoro la usufi lina maisha marefu kuliko la sponji, na inasikitisha kuona yanavyotupwa kwa sababu tu yameshika mabonge. Usufi haufi kwa kulaliwa. Unaganda kwa jasho na unyevu, na unaweza kuamshwa. Kazi hii iko hivi:

1. Chagua siku ya jua na upepo mdogo. Funga pua na mdomo kwa kanga, maana vumbi lake linakereketa kifua. Majiko, viberiti na sigara viwe mbali kabisa. Usufi hushika moto kwa cheche moja.
2. Fumua mshono wa upande mfupi, upande wa miguuni. Ukifumua upande mrefu, kurudisha umbo kutakushinda.
3. Toa usufi juu ya mkeka, mafungu madogo madogo. Chambua kila bonge kwa vidole. Lililokuwa jeusi au linalonuka ukungu litupe. Likirudi ndani litaambukiza lililobaki.
4. Tandaza, funika kwa chandarua kikuukuu ili upepo usibebe, uanike siku mbili ukiugeuza asubuhi na mchana. Kabla ya Magharibi uingize ndani, umande usiukute. Usiufue kwa maji.
5. Fua ganda la godoro, lianike likauke hasa. Ganda lililochakaa pembeni lishonee viraka kwa ndani.
6. Rudisha usufi ukianzia pembe za mbali, ukijaza kwa mkono na siyo kwa mti. Kwa kawaida utahitaji kuongeza usufi mpya kidogo kwa ule uliotupwa. Shona mdomo.
7. Pitisha uzi mzito kwa sindano ndefu kutoka juu hadi chini kila baada ya shibiri mbili, funga fundo kwa kitufe au kipande cha kitambaa. Vifundo hivi ndivyo vinavyouzuia usufi kukimbilia pembeni. Wanaoruka hatua hii huona godoro limerudi mabonge kabla ya mwezi.

Vitanda na mbao

Kitanda kifunguliwe kabla ya kutolewa, kwa kukagua na kwa kubeba. Tazama chini ya matendegu na kwenye vitundu vya viungo. Unga mwembamba kama wa ngano ukidondoka kila siku, ndani yumo mdudu anayebungua mbao. Gonga mfumbati, yaani ubao mrefu wa ubavuni, kwa kitako cha bisibisi. Ukilia tupu, mbao imekwisha ndani hata kama juu inang'aa rangi. Mfumbati uliobunguliwa hubadilishwa na seremala kwa kipande kimoja, huku vitakizo na matendegu vikibaki. Kitanda chenye kunguni na mbao zisizopakwa vanishi kimiminiwe maji yanayochemka kwenye kila kiungo, na urudie baada ya siku 10, kwa sababu mayai yaliyonusurika yatakuwa yameanguliwa na kunguni wachanga bado hawajataga mengine.

Kitanda cha kuwamba kilicholegea hakihitaji fundi ghali. Fungua kamba ya zamani kwa utaratibu, ipime urefu, na ununue ya makumbi au ya plastiki kwa urefu huo na ziada ya mita 2. Anza kuwamba kutoka upande wa kichwani, na uache mkia wa kama mita 1 upande wa miguuni. Kamba mpya hulegea siku za mwanzo, na mkia huo ndio wa kuivutia tena baada ya wiki mbili. Mwambie mpokeaji hilo, la sivyo atadhani umempa kitanda kibovu.

Skrubu na nati zote ziwekwe kwenye kifuko, kifuko kifungwe kwa uzi kwenye kitakizo. Vitanda vingi vinavyogawiwa vinakwama kwa kukosa nati nne.

Nguo na kanga

Fua, anika, kisha tandaza kivulini usiku mmoja ndani ya nyumba kabla ya kukunja. Nguo iliyokunjwa ikiwa na joto la jua hutoa jasho ndani ya mfuko. Nguo yenye ukungu ifuliwe kwa maji lita 10 na kikombe kimoja cha siki, ilowe saa nzima, halafu ifuliwe kwa sabuni. Kufukiza udi ni jambo jema kwa nguo safi, lakini udi hauui ukungu. Unaufunika harufu tu, na wiki ya pili unarudi. Na kamwe usichanganye siki na jiki kwenye beseni moja: mvuke wake unachoma mapafu.

Rudisha vifungo, badilisha zipu, shona pindo. Panga kwa umri na ufunge mafungu yenye karatasi juu: "mtoto wa kike, miaka 4 hadi 6". Mama aliyepewa gunia lililochanganywa analazimika kulimwaga mbele ya watu, na hapo sitara yake imeondoka. Chupi na soksi zilizovaliwa hazitolewi. Nguo usiyoweza kumvalisha mwanao mwenyewe haitolewi vile vile. Ipeleke kwenye matambara.

Kanga ina mambo yake. Kabla ya kumpa mtu, soma jina. Kanga nyingi zimebeba mafumbo, na ukimpa wifi yako au jirani kanga yenye kijembe, hatoona sadaka, ataona umemtumia ujumbe. Zenye majina ya dua na shukrani ndizo za kutoa. Zenye maneno makali zikatwe.

Tena kanga iliyopauka ndiyo bora kwa kukatwa, kwa kuwa pamba yake imeshalainika na inanyonya maji vizuri kuliko mpya. Kanga moja ina karibu mita 1.5 kwa 1. Ukiikata nne unapata vipande vya sentimita 75 kwa 50, saizi nzuri ya winda la mtoto mchanga. Pinda kingo kwa cherehani zisichanike. Kama unataka vishikio vya sufuria, chukua upande wa pindo, kunja mara nne, piga mishono ya msalaba. Tabaka zikiwa pungufu ya hapo joto linapita na mkono unaungua. Vipande vya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, vilivyobaki ni madekio, na vyembamba kabisa visokotwe kuwa kata ya kubebea ndoo kichwani.

Vyandarua vilivyotoboka vishonwe. Tundu la kidole gumba linatosha mbu kuingia. Dawa iliyomo kwenye chandarua huhesabiwa kudumu miaka mitatu hivi, kwa hiyo kikuukuu bado kinazuia mbu kwa wavu wake, ilimradi hakina matundu. Kilichokwisha kifanye wavu wa dirisha au kifunike miche. Kisipelekwe pwani kuvulia. Matundu yake madogo yanazoa vifaranga vya samaki.

Jikoni

Sufuria ijaze maji, iweke juu ya karatasi kavu kwa saa moja. Karatasi ikilowa, kuna tundu. Iinue ielekee jua uone mwanga unapopita. Sufuria za alumini hazishiki risasi ya kuchomea ya kawaida, kwa hiyo fundi bati hukata kiraka kutoka sufuria nyengine ya alumini na kukipiga ribiti. Hakikisha ribiti nazo ni za alumini. Za chuma au shaba zikikutana na chumvi na ukwaju hula alumini iliyozizunguka, na baada ya miezi michache tundu ni kubwa kuliko lile la kwanza. Sufuria yenye kiraka ni ya kuchemshia maji au viazi. Isikaangiwe, mafuta yakivuja juu ya moto yanawaka. Mwambie anayepokea.

Kikaango kilichobanduka rangi nyeusi ya ndani kisipewe mtu kwa kupikia. Vikombe na sahani zilizoingia ufa vile vile: uchafu unakaa ndani ya ufa na hautoki kwa sabuni. Vizima vioshwe, kisha vilowe dakika 2 kwenye maji yenye jiki, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4, vianikwe bila kufutwa.

Jiko la gesi lisitolewe na mpira wa zamani. Nunua mpira mpya na kibano, unga, paka povu la sabuni kwenye viungo, fungua mtungi. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja.

Birika, sinia, kawa na mikoba ya ukili hazina siri. Osha, kausha, toa.

Vitu vya umeme

Kabla ya lolote, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni wa volti 230. Vyombo vinavyokuja na makontena kutoka Japani mara nyingi vimetengenezwa kwa volti 100, na birika au jiko la umeme la kupikia wali la aina hiyo likichomekwa moja kwa moja hubeba nguvu zaidi ya mara 5 ya iliyokusudiwa. Linaungua, na pengine linaunguza na nyumba. Chombo cha namna hiyo kinahitaji transfoma; kama huna ya kukitoa nayo, usikitoe. Vinavyotoka Dubai na Uingereza kwa kawaida havina tatizo hili.

Jaribu kila kitu mchana mzima, si dakika tano. Pasi, birika na feni: shika waya karibu na plagi na karibu na mwili wa chombo baada ya nusu saa. Ikiwa pamoto, ndani kuna kiungo kilicholegea. Waya uliofungwa kwa solotepu ubadilishwe wote.

Pangaboi linalovuma bila kuzunguka, au linalohitaji kusukumwa kwa mti ndipo lianze, mara nyingi limeharibika kapasita tu, spea ya bei ndogo. Mengi yanauzwa kama vyuma chakavu kwa kukosa kujua hilo.

Friji liwake saa 24 kabla ya kulitoa. Bana karatasi kwenye mlango na uivute, kila upande. Ikitoka bila kukamatwa, mpira umechoka, na mota yake itafanya kazi bila kupumzika na kula umeme wa mpokeaji. Lisafirishwe likiwa limesimama. Likilazimika kulazwa, likifika lisimame siku nzima ndipo liwashwe, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Friji lililokufa linafaa sana kama sanduku la barafu kwa wavuvi: fundi wa friji atoe gesi na mota, lilazwe mlango ukiwa juu, litobolewe tundu la kutolea maji chini. Usikate mabomba mwenyewe, kwa kuwa friji nyengine za siku hizi zina gesi inayowaka. Na friji lisilotumika ling'olewe mlango siku hiyo hiyo. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hawezi kuusukuma.

Simu na kompyuta zifutwe: ondoa akaunti zako kwanza, halafu rudisha mipangilio ya kiwandani, mwisho toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ukiruka kuondoa akaunti, simu itamwomba mpokeaji neno lako la siri na haitafunguka.

Chupa, madumu na makopo

Chupa za kioo za asali, samli na achari zitumike tena baada ya kuchemshwa dakika 10, ukizianzia kwenye maji baridi. Ukizitumbukiza kwenye maji ya moto zinapasuka. Madumu ya mafuta ya kula ya lita 20 yanafaa kwa maji baada ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu.

Dumu lililowahi kuwa na dawa ya mimea, rangi au kemikali ya kusafishia halifai kwa maji wala chakula hata ukilisugua wiki nzima. Litoboe kitako, asije mtu akalitumia. Na mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda au maji. Watoto huyanywa wakidhani ni kinywaji, yanaingia mapafuni, na hapo ni mbio za hospitali. Vitu vya kuhifadhi uwanjani, makopo, matairi, mabeseni, viinamishwe. Maji kidogo ya mvua yanatosha mbu wa homa ya dengi kutaga.

Kumpata mpokeaji na kukabidhi

Uliza kwanza, beba baadaye. Sheha anazijua nyumba za shehia yake: aliyeunguliwa, aliyejifungua mapacha, mzee anayekaa peke yake. Kamati ya msikiti, mwalimu wa chuo cha Kurani na mwalimu mkuu wa skuli wanazijua nyengine. Makao ya wazee ya Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba, pamoja na nyumba ya watoto ya Mazizini, yana wasimamizi. Nenda au piga simu uulize wanahitaji nini mwezi huu na wana nafasi ya kuweka. Usiache mizigo mlangoni pa msikiti usiku ukaondoka. Mvua ikinyesha imeharibika, na wa kuisafisha ni muadhini.

Maswali matatu yanatosha: nyumba ina umeme? Kitanda cha upana gani kinaingia chumbani? Nani atapokea, saa ngapi? Godoro la futi 6 kwa 6 kwenye chumba cha futi 8 ni mzigo.

Kwa taasisi andika orodha nakala mbili, mtie saini nyote, uandike na kasoro: "feni 1, linafanya kazi, kitufe cha tatu hakishiki". Kwa familia orodha haina haja. Peleka wakati ambao mtaa haujakaa barazani, baada ya Alfajiri au mchana wa kazi, na usimpige picha mtu akipokea. Kitu cha kukopesha, kama kitanda cha mtoto mchanga au magongo ya kutembelea, kiseme wazi kwamba ni cha kurudi, na baada ya muda gani. Neno "chukua tu" limegombanisha ndugu wengi.

Mzigo wa Pemba uandikwe jina na simu ya mpokeaji pande mbili kwa wino usiofutika, ufungwe nailoni ndani na gunia nje, na mpokeaji ajue kama boti inatia nanga Mkoani au Wete. Kutoka Mkoani hadi Wete ni safari nzima ya kisiwa, na nauli ya gari inaweza kupita thamani ya kochi. Kwa ajili hiyo magodoro ya sponji na vitanda vizito ni bora vigawiwe kisiwa vilipo. Nguo, vitabu, sufuria na cherehani ndivyo vya kuvusha.

Visivyotolewa

Dawa za hospitali zilizobaki, hata ambazo hazijaisha muda, zirudishwe duka la dawa. Helmeti iliyowahi kupigwa chini kwenye ajali haina kazi tena hata kama haionyeshi ufa. Betri za gari na nyingi za sola zina risasi na tindikali. Zikabidhiwe mnunuzi wa betri zikiwa nzima, zimesimama, wala zisipasuliwe uwanjani ili kuuza risasi peke yake. Televisheni za kioo kikubwa cha zamani zisivunjwe kwa ajili ya shaba, kwa sababu kioo hicho nacho kina risasi na kinaweza kuripuka kwa ndani. Vyuma, alumini na shaba vilivyotenganishwa vinapata bei nzuri kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kuliko vikiuzwa vimechanganywa. Toa skrubu za chuma kwenye sufuria na mishikio ya plastiki kabla ya mzani.

Wiki moja baada ya kukabidhi, mpigie mpokeaji simu. Usimwulize kama amefurahi. Muulize kama friji linagandisha, kama kamba ya kitanda imelegea, kama mpira wa gesi unanuka. Kama kuna kasoro, mpelekee fundi wewe.